Pale Foleni Ilipokwama

Mvua ya Mbeya ilitufungia ndani ya ukumbi mchana ule, wala hakuna aliyelalamika, kwa sababu harufu ya pilau nayo ilikuwa imefungiwa humo pamoja nasi. Mwalimu mwenzangu alikuwa anaoa. Mimi nafundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini hapo, na mume wangu ni fundi wa magari. Tulipewa viti vya nyuma kabisa, jirani na mlango wa jikoni, na mwanzoni tulidhani ni bahati.

Mshereheshaji akatangaza kwamba watu watainuka meza kwa meza, kuanzia mbele. Meza ya kwanza ikainuka. Tukasubiri. Ikainuka ya pili. Mume wangu alimaliza karanga zilizokuwa kwenye kisahani, kisha akaanza kukitazama kisahani chenyewe.

"Wewe si mwalimu wa hesabu?" akaniambia. "Hebu piga hesabu. Tutafika leo?"

Alikuwa anatania, lakini mimi nikiambiwa maneno ya namna hiyo huwa sijizuii. Nikageuza kiti, nikaanza kuitazama ile foleni kama ninavyolitazama swali ubaoni kabla sijashika chaki. Kwenye sahani watu walipita. Kwenye wali walipita bila hata kusimama. Ndizi, maharage, mboga za majani, walipita. Halafu wakafika kwenye nyama, na hapo kila kitu kikasimama.

Mama mmoja mwenye aproni nyeupe ndiye aliyeshika upawa wa nyama, na kila mgeni aliyefika mbele yake alikuwa na ombi lake.

"Mama, huo mfupa rudisha, nipe steki."

"Yaani hiki kimoja tu?"

"Nimwagie mchuzi kidogo. Tena. Mbona huyu mwenzangu umempa minofu?"

Yule mama alimjibu kila mmoja kwa upole, na kila jibu lake likawa mazungumzo kamili, huku nyuma yao ukumbi mzima umeshika sahani. Wanakamati waliona watu ni wengi, wakaongeza wahudumu kwenye wali. Haikusaidia. Wakaleta meza ya pili ya sahani. Mshereheshaji akaanza kuita meza mbili mbili. Kila walichoongeza kiliongeza makelele, na foleni ikabaki palepale.

"Shida ni upawa mmoja," nikamnong'oneza mume wangu.

"Upawa gani?"

"Ule wa nyama. Vingine vyote humu ndani havina tatizo."

Alicheka mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Tulipofika mbele tulipata mchuzi mwingi, mzuri sana, na nyama tukaisikia kwa harufu. Lakini nilirudi nyumbani nimefurahi, furaha ambayo sikujua nimweleze nani. Kitu kikubwa kilichokuwa kimewachanganya watu wote wale kilikuwa kimejikusanya mbele ya macho yangu mpaka kikawa kidogo, kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Haukupita muda mrefu mama akanipigia simu kutoka Iringa.

"Mdogo wako kaposwa," akasema. "Na mchumba mwenyewe ni wa huko huko kwenu Mbeya. Mnyakyusa."

Nikapiga kigelegele hapo hapo nilipokuwa, kwenye ofisi ya walimu.

"Vigelegele utapiga ukija," mama akasema. "Likizo ikianza uje. Wewe na mimi tutashughulika na chakula."

Nimezaliwa Mlandege, mjini Iringa. Baba yangu, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, alikuwa anauza vitambaa; wazee wake walitoka pwani wakafuata biashara hadi huku kwenye baridi, wakabaki. Mama ni Mhehe wa upande wa Igowole. Alisilimu alipoolewa, lakini kaka zake na shangazi zake ni Walutheri, wakulima wa mahindi na viazi. Bwana harusi naye kwao ni mchanganyiko vilevile: kwa baba ni Waislamu, kwa mama ni Wamoraviani wa Tukuyu. Kwa hiyo shughuli yetu ingekuwa ya watu wa kila namna, kama zilivyo shughuli zetu zote. Nyama ingechinjwa upande wetu ili kila mtu ale kwa amani, nikahi ingefungwa msikitini asubuhi, na chakula kingeliwa chini ya maturubai kwenye uwanja mtupu ulio nyuma ya nyumba, kila mtu akikaa na ndugu zake.

Shule zilipofungwa nikapanda basi. Nilishuka Ipogolo mchana, bajaji ikanipandisha mlima hadi mjini, na nilipoingia sebuleni kwetu nikadhani nimeingia darasani. Ukuta mzima ulikuwa umebandikwa karatasi za manila. Mbele yake alisimama baba mdogo, mdogo wake baba, mwenyekiti wa kamati, kalamu ya wino mzito mkononi na filimbi shingoni.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Umekuja wakati mzuri. Nataka mtu mwenye kichwa."

Baba mdogo alikuwa mtunza stoo maisha yake yote ya kazi, na sijaona mtu anayependa mpangilio kama yeye. Nyumbani kwake hata ndala zina mahali pake. Akaniketisha, akanieleza mpango wa kulisha wageni. Kila mgeni angefungwa utepe mkononi: rangi nne, kwa koo nne. Kila rangi ilikuwa na lango lake, meza yake na masufuria yake. Kila sufuria ilikuwa na mlinzi. Kadi ya mwaliko ingechanwa kipande langoni na kipande kingine mezani. Filimbi moja maana yake utepe wa njano, filimbi mbili utepe wa bluu, na kadhalika.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka, lakini nikaona heri niulize kwanza.

"Baba mdogo, kwa nini wenye utepe wa njano wanatangulia?"

"Njano ni wakwe," akasema. "Umesahau harusi yako? Wakwe zako walikaa nyuma kwa adabu zao, wakaitwa mwisho, wakakuta viazi vitupu. Sitasahau."

"Na walinzi wa masufuria?"

"Akika ya mtoto wa binamu yako. Sufuria zima la nyama lilibebwa kwa makosa, likaenda kwenye shughuli ya mtaa wa pili. Wakala, wakasifu, wakatuletea sufuria limeoshwa vizuri kabisa."

"Na kuchana kadi?"

"Ah! Hiyo ni timu ya mpira. Ilitoka mazoezini, ikaona turubai, ikaingia yote. Na kipa wao anakula!"

Nikaendelea kuuliza, naye akaendelea kujibu, na kila kanuni ilikuwa na kisa chake, na kila kisa kilikuwa cha kweli; vingine nilivikumbuka mwenyewe. Hapo heshima yangu kwa zile karatasi ikaongezeka. Ilikuwa historia ya ukoo wetu, imeandikwa na watu waliowahi kulala na njaa kwenye sherehe yao wenyewe. Tatizo ni kwamba kila kanuni ilikuja peke yake, siku yake, kutibu jeraha lake, na sasa zilikuwa zimejazana pamoja, hazijuani. Hata baba mdogo mwenyewe alipotaka kunieleza filimbi tatu ni rangi gani, ilibidi arudi ukutani.

Siku chache kabla ya harusi ndugu wa mama wakafika kutoka Igowole na Fuso iliyojaa kuni, viazi, kabichi na maparachichi, na juu ya mzigo watu wamekaa wanaimba. Mbele, karibu na dereva, alikuwa bibi yetu, shangazi yake mama, pamoja na wifi yake ambaye ni rafiki yake tangu ujana. Wale wazee wawili walishuka wameshikana mikono.

"Kamwene!" wakatusalimu, nasi tukawapokea.

Baba mdogo akaona hii ndiyo nafasi ya kujaribu mfumo wake, kwa chakula cha mchana tu, kwa watu wa nyumbani. Akafunga tepe. Ikatokea bibi kapata kijani na wifi yake kapata bluu, kwa sababu ya koo walikozaliwa.

"Mama, wewe pita lango lile," baba mdogo akamwambia bibi kwa heshima zote.

Bibi akautazama utepe, akamtazama wifi yake.

"Mwanangu," akasema, "sisi wawili tumetoka Igowole kwenye gari moja, tumeshikana hivi hivi mpaka hapa. Baridi haijatutenganisha, mashimo ya barabara hayajatutenganisha. Leo itutenganishe kamba?"

Wakapita wote wawili lango la kijani. Watoto nao walikuwa wameshabadilishana tepe kufuata rangi wanazopenda, kwa hiyo lango la njano halikuwa na mtu na lango la bluu lilikuwa na kila mtu. Na kwenye kila meza, mbele ya kila sufuria la nyama, nikaona kile nilichokiona Mbeya: mtu kasimama, sahani mkononi, anaomba abadilishiwe kipande. Baba mdogo alikuwa ameichukua foleni moja iliyokwama, akaigawa ikawa foleni nne zilizokwama.

Akapuliza filimbi. Hakuna aliyejua ni ya rangi gani. Akapuliza tena, kisha akakaa kwenye gogo, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani kakasirika. Nilipomkaribia nikakuta anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Mwalimu," akasema, "hili somo limenishinda. Tuanze upya."

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anamenya vitunguu saumu, nami nikachukua kisu nikakaa naye. Nikamsimulia habari za upawa wa Mbeya na za masufuria yetu manne. Mama ni mtu anayesikiliza huku mikono inafanya kazi, na huwezi kujua kama amekusikia mpaka ajibu.

"Kumbe kinachosimamisha watu ni kugawiwa nyama," akasema mwishowe.

"Hicho tu."

"Basi wasigawiwe. Wagawane."

"Wagawane vipi?"

"Sinia," akasema, kana kwamba nimemuuliza jina langu. "Watu sita, sinia moja, nyama juu. Tumekula hivyo tangu naolewa nyumba hii. Nani kawahi kupanga foleni kwenda kwenye sinia?"

Nilikuwa nimetafuta namna ya kuiharakisha foleni, kuongeza pawa, kupunguza ukubwa wa vipande. Mama aliifuta foleni yenyewe. Tukaanza kulipekua wazo lake pamoja, maana halikuwa jepesi kama lilivyosikika. Kazi ya kugawa isingetoweka, ingehamia jikoni: mtu apakue kwa jicho moja, kila sinia lifanane na lenzake, la sivyo watu wataangaliana. Ingebidi tuazime masinia mtaa mzima, na mengine msikitini. Wazee wasioweza kukaa chini wangehitaji meza fupi. Wenye sukari na wasiokula nyama wapikiwe chao. Lakini ule ulikuwa ugumu ambao mama na wenzake waliuzoea, na ungekaa mahali pamoja, mikononi mwa watu wanaoujua, badala ya kutupiwa kila mgeni mlangoni.

Tukampelekea baba mdogo. Alisikiliza, akakuna kidevu.

"Sisi sinia tumezoea," akasema. "Wakwe je?"

Swali la maana. Nikampigia simu shangazi wa bwana harusi, mama mchangamfu anayeuza nguo sokoni Mbeya, ambaye tayari tulikuwa tunataniana.

"Sinia mbona tunakula!" akasema. "Ila kuna jambo moja, mama. Unajua kwetu mkamwana na baba mkwe hawali pamoja. Hawapeani mkono. Mkamwana akimwona mzee anakuja, anapisha njia. Mambo yamelegea siku hizi, lakini kaka yangu ni mtu wa zamani, na wakamwana wake wote wanakuja. Kwenye foleni kila mtu na sahani yake, anajikalia anapotaka. Kwenye sinia inabidi muangalie."

Mama alikuwa anasikiliza pembeni. "Hata sisi tuna yetu," akasema. "Kaka yangu hawezi kukaa mkeka mmoja na mama mkwe wake. Atakufa kwa aibu."

Basi ikawa kwamba foleni ile mbaya ilikuwa inafanya kazi nyingine kimyakimya, kazi ya kuwaacha watu waheshimiane, na sisi tulikuwa tunataka kuiondoa bila kujua. Baba mdogo akang'aa. Hili lilikuwa tatizo la kiwango chake.

Kesho yake asubuhi tulitandika mkeka sebuleni, mimi na yeye, tukamwaga vizibo vya soda. Kila kizibo kilikuwa mtu au familia, kila duara lilikuwa sinia. Huyu asikae na yule. Huyu asimpe mgongo yule. Huyu hawezi kuwa mbali na mke wake kwa sababu hasikii vizuri. Tuliweka, tukapangua. Tulipomhamisha kaka yake mama, akaangukia duara la wakamwana. Tulipowahamisha wakamwana, shangazi akabaki peke yake na wajomba. Nisiseme uongo, nilikuwa na raha isiyo kifani. Ni aina ya fumbo ninalolipenda kuliko yote, na baba mdogo alikuwa mwenzangu wa kweli, analala kifudifudi kwenye mkeka kama mtoto, anasogeza kizibo kwa ncha ya kidole.

Mdogo wangu akaingia. Alikuwa amepakwa hina, mikono ameiinua mbele asije akaiharibu, na alitembea kwa visigino kwa sababu miguu nayo ilikuwa mibichi.

"Mnafanya nini?"

Nikamweleza. Akavitazama vizibo.

"Kwani wao wenyewe," akasema, "hawajui wasikae na nani?"

Baba mdogo akainua kichwa.

"Wakamwana wamekwepana na mzee miaka yote hiyo bila nyinyi," akaendelea. "Mimi mwenyewe kesho kutwa nitakuwa mmoja wao, na nimeshaanza kujifunza kona za nyumba yao. Mtu yeyote mwenye mkwe anajua mkwe wake yuko wapi. Nyinyi waambieni tu wakae. Wakishakaa, ndiyo sinia liende."

Akaondoka kwa visigino vyake. Baba mdogo akakusanya vizibo polepole, kimoja kimoja, na niliona anaumia kidogo, kwa sababu hata mimi niliumia. Fumbo lilikuwa tamu. Halafu akasema, "Lakini mzee lazima akae wa kwanza."

"Kwa nini?"

"Wamkwepe vipi kama hawajui aliko? Mzee akae mapema, mahali pa heshima, panapoonekana na kila anayeingia. Wengine watajipanga wenyewe kumzunguka."

Na hiyo ndiyo ikawa kanuni. Mzee akae kwanza. Watu wakae wanavyotaka, sita sita. Duara likitimia, sinia linakwenda. Baba mdogo alibandua manila zake zote ukutani, akabakiza moja, na ile moja akaiandika upya kwa mistari michache ambayo hata watoto waliisoma wakipita.

Siku ya harusi tuliamka na ukungu. Wanawake wa Mlandege walikuja na pawa zao, wa Igowole na khanga wamejitanda hadi masikioni, na moto wa kuni ukawa ndiyo kikao chetu. Mchele ulikuwa wa Kyela, umeletwa na wakwe, na ulipoanza kuiva hakuna aliyehitaji kuelekezwa njia ya kuja kwetu. Mama alisimama mbele ya masufuria. Alipakua sinia la kwanza, akalitazama, akapunguza kipande, akasema, "Hivi." Kuanzia hapo sote tulipakua hivyo.

Basi la wakwe likafika kwa nyimbo na vigelegele. Baba mkwe, mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe na koti zito, akapelekwa kwenye zulia karibu na nguzo ya kati. Mimi nilijibanza kwenye pazia la jiko nitazame. Wakamwana wake waliingia wakiwa kundi, wakachungulia, wakamwona, wakageuka wote kwa pamoja kama ndege, wakaenda kukaa upande wa pili nyuma ya ndugu zetu wa Igowole, huku wamefunika vinywa kwa khanga wanacheka. Mzee alikuwa ameangalia kwingine kabisa, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kaka yake mama aliingia, akaona alipo mama mkwe wake, akazunguka turubai lote kwa nje hadi akapata mahali. Uwanja ulijipanga mbele ya macho yangu, na hakuna aliyempangia mtu. Pale ambapo mimi na baba mdogo tulihangaika asubuhi nzima, wao walimaliza kabla chai ya tangawizi haijapoa.

Masinia yakaanza kutoka. Na hapo hapo tukakwama.

Hatukuwa tumefikiria mikono. Tulikuwa tumeweka ndoo za maji zenye bomba pale mlangoni, na watu walipoona sinia linakuja wakakumbuka kunawa, wakainuka wote. Uwanja mzima ukaelekea kwenye ndoo. Wabeba masinia wakasimama katikati ya watu, mvuke unawapanda usoni.

Asubuhi ile mama alikuwa amempa baba mdogo kazi moja tu. "Wewe usibebe kitu," alimwambia. "Simama, uangalie patakapokwama." Nami nilidhani ni namna ya kumpumzisha. Sasa nikasikia filimbi, kali, moja.

"Kaeni!" baba mdogo akapaaza sauti. "Ndugu zangu, kaeni! Maji yanawafuata!"

Watu wakakaa. Akawaita vijana wa pande zote mbili, wetu na wa Mbeya, akawagawia mabirika na mabeseni, akawatuma kila mmoja mstari wake. Maji yakapita kwenye maduara, sabuni ikapita, taulo likapita, na nyuma ya taulo likafuata sinia. Foleni ya mlangoni ilikuwa imekwisha kabla haijapewa jina. Mume wangu, ambaye alikuwa amefika na basi la wakwe, alikuwa mmoja wa waliobeba birika, na aliponipita alisema, "Leo nimeona nyama kwa macho yangu," nikamfukuza kwa upawa.

Kisha pakawa kimya, kile kimya cha watu wanaokula kitu kizuri. Nilipita na bakuli la kachumbari, nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Watu walewale ambao kwenye foleni wangeomba waongezewe, kwenye sinia walikuwa wanasukumiana. Mtu anaona kipande kinono mbele yake, anakichambua kwa vidole, anakisogeza kwa jirani.

"Kula wewe, mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, hujaanza!"

Na kile kipande kinazunguka sinia hadi kinarudi kilikotoka. Bibi yetu na wifi yake walikuwa wamemvuta shangazi wa bwana harusi kwenye sinia lao, na wote watatu walikuwa wanacheka, kila mmoja kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Wanaume watatu wa Tukuyu, wenye haya, walikuwa wamebaki bila duara. Baba mdogo aliwaona, akawaita wajomba wawili wa Igowole, akaketi mwenyewe akawa wa sita. Baadaye niliwakuta wanabishana habari za mbolea ya viazi kana kwamba wamesoma pamoja.

Nilipopeleka maji kwenye zulia la mzee, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndaga fijo," akasema. "Asante sana, mwanangu. Nimekuja nikijua nitakula kwa wasiwasi. Nimekula kama niko kwangu." Akainama kidogo, sauti akaishusha. "Nani aliwaelezeni habari za wakamwana wangu?"

"Dada yako," nikasema.

"Nilijua. Haachi neno." Akacheka, akaomba ndizi nyingine.

Ilipokaribia alasiri mvua ikaja, ile ya Iringa inayoanza kwa upepo, na watu waliokuwa kingoni wakasogea katikati ya turubai. Hakuna aliyelalamika kubanana. Ngoma ilikuwa imeshaanza, na wakamwana wa Mbeya, ambao sasa walikuwa wametawala upande wao wote, walimwinua mdogo wangu katikati yao, na hina yake, na shela lake, wakaanza kumfundisha kucheza kwa kukanyaga kama wanavyocheza kwao. Baba mdogo alijaribu kuwafuata kwa mbali. Hakufanikiwa, na hakujali.

Nikamtafuta mama. Katika shughuli zote za utoto wangu, mama alikula mwisho, amesimama, kwa kijiko, ukoko wa chini ya sufuria. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, khanga imemteleza begani, na mbele yake sinia zima la pilau lenye nyama juu, bado linafuka mvuke.

"Limebaki?" nikamuuliza.

"Halikubaki," akasema. "Nilijipakulia la kwangu tangu mwanzo. Niite wenzangu waje, peke yangu nitalimaliza vipi?"

Nikaenda hadi mlangoni, nikawaita wapishi wote kwa sauti, nao wakaja wanafuta mikono kwenye magauni, wa Mlandege na wa Igowole, tukabanana kulizunguka. Tulikuwa zaidi ya sita. Mama akanisogezea kipande kinono, nami nikakisogeza kwa aliyekuwa kushoto kwangu.